Chupa Tupu na Amana Yake



Somo letu la mara hii si la nahau wala la mirathi. Ni somo la kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika mkononi wiki hii, akakinywea, akakitupa, asikikumbuke tena: nacho ni chupa tupu ya plastiki. Huenda wako watakaosema, "Masheikh wamekwisha maneno, sasa wazungumza takataka." Twawaomba wasubiri wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu. Kwani katika chupa hii tupu mna khabari ya haki ya mtu, na mali ya mtu, na jirani aliyedhulumiwa bila ya kujua amshitaki nani.

Sababu ya kuandika ni safari. Ndugu zetu wa Bondeni, katika mji wa Nakuru, walitualika tukasomeshe kwa siku chache. Bondeni ni mtaa wa zamani wa mji ule, na mtu wa Mombasa au wa Lamu akifika huko hajioni mgeni sana, kwani asikia Kiswahili barazani na aona kanzu na buibui njiani. Siku ya pili, baada ya alasiri, ikanyesha mvua kubwa. Tukasimama ukumbini na mwenyeji wetu, mzee aliyezaliwa pale pale, tukitazama mtaro wa kando ya njia ukijaa. Haikupita robo saa ila zikaanza kuteremka chupa. Za maji, za soda, za juisi, kubwa na ndogo, zikifuatana na kugongana, hata maji yenyewe hayaonekani. Tukamwuliza mzee, "Hizi zote zaenda wapi?" Akatujibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo hilo mara nyingi: "Zaenda ziwani, sheikh. Hapa kila kitu kisicho na mwenyewe huenda ziwani."

Neno hilo, "kisicho na mwenyewe", tumerudi nalo Mombasa, nalo ndilo asili ya somo hili.

Ziwa lisilo na mlango

Yafaa kwanza msomaji wa pwani aujue mji wa Nakuru ulivyokaa. Upande wa kaskazini uko mlima wa Menengai, ambao ndani yake ni shimo kubwa la volkano. Upande wa kusini, chini, liko Ziwa Nakuru. Mji wenyewe umelala juu ya mteremko baina ya viwili hivyo. Kila tone la mvua liangukalo juu ya mabati ya mji lashuka kusini, na kila kilichotupwa njiani chashuka pamoja nalo. Mji huu umekua sana, hata tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hati ya kuwa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Na watu wakizidi, vinywaji huzidi, na chupa tupu huzidi.

Sasa tazama tafauti yetu na wao. Sisi wa pwani tuna bahari. Twatupa kitu, maji yajaa, yatoka, nacho hakionekani tena mbele ya macho yetu. Kimekwenda kwa mwingine, lakini sisi twajiona tumesafika. Ama Ziwa Nakuru halina mto utokao humo. Maji huingia kwa mto Njoro na vijito vingine na kwa mitaro ya mji, wala hayatoki ila kwa kupanda juu kuwa mvuke. Chupa haipandi kuwa mvuke. Iliyoingia imeingia. Jua litaikausha, mawimbi yataivunja vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, hata visionekane kwa jicho. Lakini vimo, na wataalamu wasema vitakaa mamia ya miaka.

Na ziwa hili si dimbwi la kupuuzwa. Pamoja na nchi iliyolizunguka limekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1968. Mwaka 1990 liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi zenye maji zenye umuhimu kwa ulimwengu, na mwaka 2011 likaingizwa pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, khasa kwa ajili ya ndege wake. Watu wengi wa Nakuru hula kwa sababu ya ziwa hili: mwenye hoteli, mwenye gari, mpishi, mchuuzi wa matunda.

Basi sikilizeni ajabu hii. Tangu tarehe 5 Juni 2020 serikali imekataza plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwamo chupa za maji, kuingizwa katika mbuga za taifa, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Mgeni afikapo langoni pa mbuga ya Nakuru na chupa ya maji ya plastiki huambiwa aiache. Sheria ni njema. Lakini huku mgeni mmoja akizuiliwa langoni na chupa moja, mtaro huingiza chupa kwa mamia, wala hauna wa kuuzuia. Chupa imekatazwa mlango wa mbele, yaingia mlango wa uani. Hii ni dalili kwamba kukataza peke yake hakutoshi mahali ambapo kitu hakina thamani kwa mtu yeyote.

Kwa nini chupa ya kioo haikuwamo mtaroni?

Katika mtaro ule tulitazama sana, tusione hata chupa moja ya soda ya kioo. Je, watu wa Nakuru hawanywi soda za kioo? Wanywa. Basi kwa nini hazimo?

Msomaji wa umri wetu ajua jawabu, ila pengine amelisahau. Tulipokuwa watoto katika miaka ya themanini, mama akitutuma dukani kununua soda, alitupa fedha pamoja na chupa tupu. Ukienda bila ya chupa, mwenye duka alikwambia moja katika mawili: ukae hapo hapo unywe uiache chupa, au uweke fedha ya chupa, nawe utakapoirudisha urudishiwe. Watu wengi huiita fedha hiyo "dipoziti", nasi katika somo hili tutaiita amana, kwani ndivyo ilivyo. Mwenye duka naye alikuwa ameweka amana ya kreti zima kwa mwenye gari, na mwenye gari alikuwa na hesabu yake na kiwanda. Hivyo chupa ilitoka kiwandani ikiwa na mwenyewe, ikapita mikono minne au mitano, na kila mkono ukiilinda kwa sababu una fedha zake ndani yake, mpaka ikarejea kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena.

Na mtoto aliyeivunja alijua atakayoyapata nyumbani! Hatukufunzwa utunzaji wa mazingira, wala neno hilo hatukulijua. Tulifunzwa kwamba chupa ile ni ya mtu.

Kisha ikaja chupa ya plastiki. Ikasifiwa kuwa nyepesi, haivunjiki, haihitaji kurejeshwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta msiba. Kiwanda kilipumzika na gharama ya kuirudisha na kuiosha. Mwenye duka alipumzika na makreti. Mnunuzi alipumzika na kubeba. Kila mtu alipata raha, na mzigo ukabakia kwa asiyekuwapo katika mauzo: ziwa, mtaro, baraza ya jiji, na jirani akaaye chini ya mteremko. Chupa ikawa yatima. Na yatima asiye na msimamizi kila mtu ajua yanayompata.

Amana ya chupa ni nini, na hufanyaje kazi?

Mambo yenyewe ni mepesi. Sheria husema kwamba kila chupa au kopo la kinywaji litauzwa kwa bei yake pamoja na fedha kidogo juu, inayojulikana na kuandikwa wazi. Tuseme shilingi 5, kwa mfano. Atakayeirejesha chupa tupu mahali palipowekwa atapewa shilingi 5 zake. Haulizwi aliinunua wapi, wala haulizwi yeye ni nani. Aliyeileta ndiye mwenye haki. Chupa zilizokusanywa hivyo ni safi na za namna moja, nazo hupelekwa kiwandani zikasagwa na kufanywa chupa nyingine au nyuzi au vyombo.

Wanafunzi wa darasa wametuuliza: je, fedha hii si riba? Jawabu: si riba, kwani mtu hurudishiwa kile kile alichokitoa, bila ya ziada wala upungufu. Wakauliza: basi ni akdi gani? Twasema: chupa ya kioo ambayo kiwanda huitaka irudi yafanana na ariya, yaani kitu kilichoazimwa, na katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye kuazima ana dhamana ya kitu hicho kikiharibika kwa matumizi asiyoruhusiwa. Ama chupa ya plastiki yafanana zaidi na jiala, yaani ujira ulioahidiwa kwa yeyote atakayeleta kitu fulani. Na wanavyuoni hulitolea dalili jambo hili katika kisa cha Sura Yusuf, pale mtangazaji alipomwahidi mzigo wa ngamia yule atakayekileta kikombe cha mfalme. Maneno ya mafakihi katika haya ni marefu; lakini asili ya jambo si ngeni kwetu, wala haikuzuliwa juzi.

Walioijaribu

Jimbo la Oregon katika Marekani lilipitisha sheria ya amana ya chupa mwaka 1971, kwa bia na soda tu. Amana ilikuwa senti 5. Kwa miaka mingi sheria ile ilifanya kazi vizuri. Kisha mambo mawili yakaidhoofisha, na yote mawili ni mafunzo kwetu.

La kwanza: watu wakaanza kununua maji na chai na juisi katika chupa, na sheria haikuvitaja vinywaji hivyo. Chupa ya soda ikawa na mwenyewe, na ya maji ikawa haina, ilhali zote mbili ni plastiki ile ile. Ndipo wakaipanua sheria, wakaingiza maji mwaka 2009, na mwaka 2018 wakaingiza takriban kila kinywaji isipokuwa maziwa, mvinyo na vileo vikali. La pili: senti 5 za mwaka 1971 si senti 5 za leo. Thamani ilipotoweka, watu waliacha kurejesha, hata hesabu ya zilizorejeshwa ikashuka chini ya chupa 65 katika kila 100. Mwezi wa Aprili 2017 amana ikafanywa senti 10, na haukupita muda mrefu zikarejea zaidi ya 80 katika kila 100. Chupa ni zile zile na watu ni wale wale; kilichobadilika ni thamani.

Ujerumani iliweka amana ya lazima kwa chupa na makopo ya kutumiwa mara moja tangu mwaka 2003, nayo leo ni senti 25 za yuro. Wao nao wameipanua hatua kwa hatua: mwaka 2022 wakaingiza chupa zote za plastiki za juisi, na mwaka 2024 vinywaji vya maziwa. Lithuania, nchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini, ilianza mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa ikirudi kama thuluthi moja ya chupa za plastiki. Baada ya miaka miwili zikawa zinarudi zaidi ya 9 katika kila 10. Na karibu yetu, katika Bahari hii ya Hindi, ndugu zetu wa Shelisheli nao hulipwa kwa kurejesha chupa za plastiki. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya tu.

Kenya imefika wapi?

Hatutaki kuwa wenye kulaumu bila ya kushukuru. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi walidhani haitawezekana. Imewezekana, leo twaenda sokoni na vikapu na mifuko ya kitambaa. Mwaka 2018, chupa nazo zilipokaribia kupigwa marufuku, wenye viwanda walikubaliana na serikali, ikaundwa jumuiya ya PETCO ya kusaidia ukusanyaji wake. Mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na mwaka 2024 zikatolewa kanuni za kumpa mtengenezaji jukumu la taka zitokanazo na bidhaa yake hata baada ya kuiuza.

Haya yote ni hatua. Lakini nenda leo dukani Nakuru, au Gilgil, au Naivasha, au hapa petu Kisauni, ununue chupa ya maji, unywe, kisha uirudishe ukadai chako. Mwenye duka atakutazama usoni ajue una nini. Jukumu limewekwa juu, baina ya kiwanda na serikali. Halijafika mkononi mwa mnunuzi. Na mkono wa mnunuzi ndio uitupao chupa.

Kijana wa Gioto

Kabla ya kuondoka Nakuru tulimwomba mwenyeji wetu atupeleke Gioto, jaa kubwa la taka la mji, lililoko juu kwenye miteremko ya Menengai. Tuliona watu wazima na vijana wakichambua taka kwa mikono mitupu, na moshi umetanda. Tukazungumza na kijana mmoja mwenye gunia. Tukamwuliza, "Mwanangu, chupa za maji mbona waziacha?" Akasema, "Mzee, hizo ni hewa. Nitaokota gunia zima nipate pesa ya chai tu. Natafuta chuma kwanza."

Tukafanya hesabu yake usiku ule. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzani wa baina ya gramu 10 na 20 hivi. Kwa hivyo kilo moja ni chupa 50 mpaka 100. Anunuaye kwa mizani humlipa mwokotaji shilingi chache kwa kilo, wala haifiki hata shilingi moja kwa chupa. Lau chupa ile ingekuwa na amana ya shilingi 5, kilo ile ile ingekuwa na shilingi 250 mpaka 500. Je, wadhani kijana yule angeziita hewa? Na je, wadhani zingefika Gioto hata kidogo? Zingeokotwa njiani, mtaroni, sokoni na kituo cha matatu, kabla ya mvua kuzigusa.

Huko Ujerumani, asiyetaka kuirejesha chupa yake mwenyewe mara nyingi huiweka kando ya pipa, si ndani yake, ili maskini aichukue bila ya kuingiza mkono katika uchafu. Ni adabu ndogo, lakini imezaliwa na thamani. Kwetu, mwokota chupa hufukuzwa na kuitwa chokora, kwa sababu twamwona ashika kitu kisicho na maana. Kifanye kiwe na maana, na yeye ataheshimiwa.

Hoja za wapingao

Husemwa: "Bei zitapanda, na maskini ndiye atakayeumia." Hoja hii yataka kujibiwa kwa insafu, kwani watu wetu wamechoshwa na tozo. Sote twakumbuka Mswada wa Fedha wa mwaka 2024, ambao ndani yake mlikuwa na ushuru wa mazingira, na jinsi nchi ilivyotikisika mpaka mswada ukaachwa mwezi wa Juni. Lakini amana si ushuru. Ushuru ukitoka mfukoni haurudi. Amana hurudi siku utakayorudisha chupa. Asiyetaka kupoteza hapotezi. Ila ni kweli kwamba mtu wa kununua chupa moja kwa siku atatoa shilingi 5 zaidi mara ya kwanza. Baada ya hapo huzungusha zile zile, kama tulivyokuwa tukizungusha chupa ya mama.

Husemwa: "Mwenye duka atapata taabu; hana mahali pa kuweka chupa tupu." Hii ni hoja ya haki, na wengi katika wasomaji wetu ni wenye maduka. Twasema: mwenye duka apewe ujira mdogo kwa kila chupa aipokeayo, na vibanda vya kupokelea viwekwe karibu na masoko na vituo vya matatu, ili duka dogo lisilazimishwe kuwa bohari. Sheria itakayomtwisha muuzaji wa rejareja mzigo wote bila ya kumlipa itakufa siku ya kwanza, nayo itakuwa imestahili kufa.

Husemwa: "Waokotaji watapoteza riziki, kwani kila mtu atarejesha chupa zake." Khofu hii pia si ya kupuuzwa. Nchi ikiweka mashine tu katika maduka makubwa, na bawabu akawafukuza wenye magunia, basi tutakuwa tumemwokoa ndege tukamwangamiza binadamu. Dawa yake ni sheria iseme wazi kwamba kila aletaye chupa nzima ana haki ya kulipwa, awe na chupa moja au gunia kumi, bila ya risiti. Na vikundi vya waokotaji viandikishwe vipokee na kukusanya kwa ujira. Wao ndio waijuao kazi hii kuliko sote.

Fedha isiyodaiwa ni ya nani?

Hapa ndipo penye khatari, na twataka msomaji apatulie sana. Si kila chupa itarejeshwa. Tuseme katika kila chupa 100, hazirudi 20. Amana za hizo 20 zimebaki kwa aliyeuza. Chupa zikiwa milioni, hizo ni shilingi milioni nzima kwa amana ya shilingi 5. Ni za nani?

Mfanyabiashara atasema: ni zangu, kwani hazikudaiwa. Nasi twasema: hakuzipata kwa kuuza kitu, wala kwa kazi, wala kwa khatari ya biashara. Aliwekewa azishike. Na atakayeruhusiwa kuzila amana zisizodaiwa atapenda chupa zisirudi. Ataweka kibanda mbali, atafungua kwa saa mbili, ataifanya foleni ndefu. Hapo sheria itakuwa imempa mlinzi faida katika kupotea kwa kitu anachokilinda. Katika jimbo la Michigan huko Marekani robo tatu ya fedha hizi hupelekwa serikalini kwa kazi za mazingira, na robo hubaki kwa wauza rejareja. Kwetu yafaa sheria iseme tangu mwanzo kwamba fedha isiyodaiwa itawekwa katika hazina mbalimbali na mali ya kiwanda, hesabu yake itangazwe kila mwaka, nayo irudi kusafisha mitaro na kuwatibu na kuwavisha glavu wale wa Gioto na wa Mwakirunge. Lisipoandikwa hili, bora tusianze, kwani tutakuwa tumeongeza njia nyingine ya kula mali za watu.

Yanayotupasa sisi

Tukimaliza kuwaambia wakubwa, hatuna budi kujiambia wenyewe. Nasi tukubali kosa letu. Mwaka uliopita katika hafla ya darasa letu tulinunua makatoni ya maji ya chupa ndogo, kwa kuwa ni wepesi. Asubuhi yake tulikuta uwanja umejaa chupa, nyingi zimenywewa nusu. Watoto wakazikusanya wakazichoma moto nyuma ya ukuta, na moshi ukaingia nyumba ya jirani mwenye pumu. Hakutushitaki. Alifunga dirisha tu. Tangu siku hiyo tumerudia mtungi na vikombe, nasi twaona haya kwamba ilitubidi kukumbushwa na dirisha lililofungwa.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, katika ftari, maulidi na harusi zetu, tupunguze chupa ndogo, na zilizopo zikusanywe nzima kwa gunia zipewe mwokotaji, zisichomwe. Pili, wenye maduka katika sisi wajaribu wao kwa wao: maduka kumi ya mtaa mmoja yakubaliane kupokea chupa tupu na kumpunguzia mletaji bei, hata kama ni kidogo. Tatu, Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti kazi ya uzoaji taka na majaa, na imewapa raia haki ya kusikilizwa kabla ya sheria kupitishwa. Mikutano hiyo hufanywa, nasi hatuendi. Kisha twanung'unika barazani. Siku itakapoitishwa, Mombasa au Nakuru, twende na maneno manne tu: amana iwe ya vinywaji vyote, iwe na thamani ya kweli inayopandishwa wakati kwa wakati, mahali pa kurejeshea pawe karibu na kila mtu, na fedha isiyodaiwa isiwe faida ya mtu.

Alhasili, mzee wa Bondeni alisema kweli: kisicho na mwenyewe huenda ziwani. Chupa ya plastiki haina ubaya katika asili yake kuliko chupa ya kioo. Tafauti yao ni kwamba moja iliachiwa mwenyewe na nyingine ikanyimwa. Tuirudishie mwenyewe, nayo itarudi nyumbani kama ilivyokuwa ikirudi mikononi mwetu tulipokuwa watoto.

Maswali ya kuzungumzwa darasani:

1. Ni tafauti gani iliyopo baina ya amana ya chupa na ushuru, na kwa nini yapasa kuwafahamisha watu tafauti hiyo kabla ya sheria kuja?

2. Kwa nini amana ya soda peke yake haitoshi? Toeni mfano wa Oregon, kisha mtoe mfano wa dukani kwenu.

3. Hesabuni chupa zilizotoka nyumbani kwenu wiki hii. Lau kila moja ingekuwa na shilingi 5, mngekuwa mmetupa kiasi gani, na nani angekiokota?

Wabillahi taufiki.